Kiti cha Marehemu

Siku niliyokabidhiwa ile pikapu, mama mwenye gari alinipa maagizo matatu. Maziwa yafike Malindi kabla jua halijawa kali. Nisipakie mtu juu ya mitungi. Na kiti cha dereva nisikiguse, kwa sababu marehemu mumewe hakupenda kabisa mtu aguse kiti chake. Nikaitikia yote matatu. Nilikuwa nimekaa Garsen miezi mingi bila kazi, na mtu asiye na kazi haulizi habari za viti.

Mama huyo ni Mworma, mjane, na biashara yake ni maziwa ya ng'ombe wa jamaa zake. Alfajiri wanawake wanayaleta nyuma ya soko, yanapimwa, yanamiminwa kwenye mitungi, mimi napakia na kuondoka. Malindi nashusha, napakia bidhaa za maduka, narudi. Mara mbili kwa wiki naipita Garsen moja kwa moja mpaka Hola kupeleka bidhaa hizo. Siku za Hola nakaa juu ya kile kiti tangu alfajiri mpaka alasiri, na barabara ile mashimo yake nayajua moja moja, kama mtu anavyowajua majirani wabaya.

Sasa kiti chenyewe. Marehemu alikuwa mtu wa mwili, mrefu, na kiti kilikuwa kimeshika umbo lake. Mimi ni mfupi, mwembamba, Mpokomo wa Kulesa niliyekulia samaki na ndizi. Nilikuwa nakaa humo kama mtoto aliyevaa kanzu ya babake. Sponji ilikuwa imebonyea upande mmoja, klachi naifikia kwa ncha ya kidole, na kwenye egemeo, chini ya kitambaa, kulikuwa na uvimbe mgumu ulionichoma chini ya mbavu kila gari liliporuka. Mshono wa pale ulikuwa wa mkono, wa uzi mnene wa gunia. Nilidhani ni fundi wa ovyo, nikawa namlaani kila asubuhi bila kumjua.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba dawa ya kiti kigumu ni ulaini. Nilikata kipande cha godoro kuukuu, nikakikalia. Baada ya wiki mbili kikalala, nikaongeza cha pili, halafu cha tatu. Jioni nilikuwa navitoa na kuvificha nyumbani ili mama asione. Kichwa kikaanza kusugua paa la gari, miguu ikazidi kuwa mbali na klachi, na maumivu yaliyokuwa kiunoni yakateremka mguu wa kushoto mpaka kwenye unyayo. Usiku nikawa najigeuza kitandani kwa hatua tatu, kama anayegeuza mtumbwi.

Mke wangu alinisugua mafuta ya mkia wa kondoo mpaka nyumba nzima ikanuka Idd. Aliniambia niende nikamwambie mama ukweli. Nikamfokea. Mimi nina hasira za karibu, sikatai, lakini siku ile ilikuwa hofu. Pale stendi kulikuwa na madereva watano wanaonisalimia kila siku huku wakiangalia ninavyoshuka garini. Dereva mwenye mgongo mbovu ni kama ng'ombe anayechechemea, ndiye anayeuzwa wa kwanza. Mke wangu akajibu kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kwa kuwa mama hajui kama nina mzigo, kwake yeye hata kanda la usufi halipo. Hata hivyo sikwenda.

Siku moja ya Hola nilipitia hospitali. Nilipelekwa kwa dada mmoja anayewafundisha watu mazoezi ya viungo, naye hakunigusa kwanza. Alisema twende tukaone gari. Alipoviona vile vipande vya godoro akacheka, akasema nimejenga ghorofa. Kisha akanieleza taratibu, pale pale juani. Niondoe ghorofa. Nivute kiti mbele mpaka goti libaki limekunjwa kidogo hata nikikanyaga klachi mpaka mwisho. Egemeo lisilale sana, mabega yangu yaliguse hata nikiwa nimeshika usukani. Nikunje taulo, niliweke kwenye bonde la kiuno, usawa wa mkanda wa suruali na si juu zaidi. Pochi itoke mfuko wa nyuma. Na kila baada ya saa moja nishuke, nitembee, nijinyooshe, hata kama mgongo hauumi.

Nikamwambia mengine yote nitafanya, ila kiti hakiguswi, ni cha marehemu. Akaniangalia.

"Anayeendesha ni nani," akauliza, "wewe au marehemu?"

Niliondoka nimenuna, lakini pochi niliitoa, na ghorofa niliibomoa njiani, nikaitupa. Taulo lilisaidia kidogo, ingawa ule uvimbe ulikuwa unalisukuma chini kila mara. Kilichosaidia hasa ni kushuka. Na kushuka kulihitaji sababu, kwa maana gari la maziwa halisimami hivi hivi. Sababu nikaipata kwa ng'ombe.

Anayeijua njia yetu anajua kwamba ng'ombe wakivuka, wewe ni mgeni. Ukiwapigia honi, wachungaji watakukumbuka. Na ukishuka garini kuwasalimia, salamu zenyewe si za mbio. Unaulizwa habari yako, ya nyumba yako, ya watoto, nawe unauliza ya ng'ombe, ya ndama, ya mvua, ya nyasi za kule walikotoka na za kule wanakokwenda, na kila moja inajibiwa kwamba ni njema hata kama mambo ni mabaya, ndipo ubaya uanze kuelezwa polepole. Zamani mimi nilikuwa mpiga honi mkubwa. Sasa nikawa wa kwanza kushuka. Nilisalimiana huku nimeshika kiuno, nikijinyoosha, nikizunguka gari kana kwamba natazama magurudumu, na kufikia habari za nyasi mguu ulikuwa umerudi kuwa wangu. Sifa zikaenea kwamba dereva wa maziwa ana adabu. Wazee walikuwa wananiombea dua. Niliona haya, lakini sikuacha.

Shida ni kwamba ng'ombe hawavuki kwa ratiba ya mgongo. Asubuhi wasipokuwepo, nilisimama hivyo hivyo, na nikichelewa nilisema ni ng'ombe. Maziwa yakaanza kufika jua likiwa juu. Wiki moja maziwa ya mitungi miwili yalichacha, na wenye hoteli wa Malindi wakampigia mama simu. Akaniita. Nikamwambia ni ng'ombe, mama, walivuka mara nne. Akasema kwa sauti ya chini kabisa.

"Ng'ombe wa njia hiyo ni wetu. Hawavuki mara nne asubuhi moja."

Mtu alikuwa amemwambia kwamba gari lake huonekana limesimama karibu na Marereni, pembeni, bila ng'ombe wala mbuzi. Akauliza ninampelekea nani maziwa yake hapo Marereni. Niliapa simjui mtu Marereni. Hakubishana nami. Alisema kesho yake tungekwenda pamoja, na kwamba Ijumaa kuna dereva mwingine atakuja kuzungumza naye. Basi nikajua kazi yangu imebaki siku mbili.

Asubuhi ile nilijiapiza kwamba sitasimama hata jiwe likianguka. Mama alikaa kando yangu, mkoba mapajani. Kabla ya Marereni ng'ombe wakavuka kweli, kundi kubwa, nami nikabaki ndani nimeshika usukani. Mama akashangaa, akauliza leo siwasalimii. Nikasema tumechelewa. Mchungaji mmoja mzee akaja mpaka dirishani, akamwamkia mama, kisha akamwuliza kwa Kiorma, na ninakielewa cha kutosha, yule mtu wa salamu leo amepatwa na nini. Sikugeuza uso. Jasho lilikuwa linanitiririka na gari halijapata joto. Gongoni mguu ukafa ganzi, nikawa naitafuta klachi kwa kubahatisha.

Malindi tulifika mapema kuliko siku zote. Wenye hoteli wakafurahi, mitungi ikashushwa, na mimi bado niko kwenye kiti. Mama akazunguka upande wangu, akafungua mlango, akaniambia nishuke nitie sahihi. Nilitoa mguu mmoja, wa pili ukakataa, nikaning'inia mlangoni kwa mikono miwili kama nguo iliyoanikwa. Machozi yalinitoka. Na kwa kuwa hasira zangu ziko karibu, maneno yakatoka nayo.

"Mama, ni mgongo. Hakuna mtu Marereni. Kiti cha mumeo kinaniua."

Nilipolisikia neno hilo nililolisema juu ya mtu aliyekufa, nilitamani lirudi. Nikasubiri anifukuze pale pale. Yeye akanishika mkono akanisaidia kushuka, akanikalisha kwenye kreti la soda, akauliza ni tangu lini. Nikamwambia tangu mwezi wa kwanza wa kazi. Akauliza kwa nini sikusema. Nikamwambia niliona anakiheshimu kiti kwa ajili ya marehemu, na mimi nilikuwa nahitaji kazi. Akatikisa kichwa. Kiti hicho, alisema, yeye hajawahi kukipenda. Ni marehemu aliyekuwa akiwafokea hata watoto wake wakikigusa, na alipokufa yeye akaona amtunzie neno lake, walau hilo moja, kwa sababu mengine hawakumaliza vizuri.

Tulikwenda siku hiyo hiyo kwa fundi wa makochi anayeshona pia viti vya magari. Fundi alikitoa kiti chote, akakilaza juu ya meza. Alisema reli imeshika kutu lakini itateleza ikitiwa mafuta, sponji ni ya kutupa, na egemeo amelishona mtu asiye fundi, labda mshona magunia. Akachukua wembe, akaukata ule uzi mnene, akaingiza mkono. Uvimbe wangu ukatoka.

Ulikuwa leso, kanga ya mwanamke. Ilikuwa imekunjwa mara nyingi, imebanwa kwa uzi kama kifurushi, ngumu kwa vumbi na jasho. Fundi aliikagua akasema aliyeiweka alijua anachofanya, kwani kwa mtu mrefu hapo ndipo penye bonde la kiuno. Kwangu mimi ndipo penye mbavu. Akataka kuitupa kwenye taka pamoja na sponji.

Mama akaichukua. Aliukata ule uzi kwa wembe wa fundi, akaifungua kunjo baada ya kunjo, na kule ndani rangi ilikuwa bado nyekundu kabisa. Akaitafuta pembe moja, palipokuwa na tundu dogo la cheche ya jiko, akaingiza kidole. Kisha akakaa chini, pale kwenye maranda ya mbao, yeye ambaye sijawahi kumwona akikaa pasipotandikwa.

Akatueleza, mimi na fundi, kana kwamba anatoa ushahidi. Leso hiyo ilikuwa nusu ya doti aliyopewa na mama yake alipojifungua mtoto wa kwanza. Kipande kimoja kilipotea kwenye kamba ya nguo, na siku ile hakuna aliyeingia uani isipokuwa mumewe. Alimwuliza mara moja, mara mbili, mara kumi, amempa mwanamke gani. Mumewe alinyamaza. Yeye akakuchukua kunyamaza huko kuwa ndiyo jibu. Walilala vyumba viwili miaka minne, mpaka homa ikamchukua, na hata siku ya mwisho alimpa maji bila kumtazama usoni.

"Miaka minne nilikuwa namtafuta mwanamke," akasema. "Na mwanaume wa watu alikuwa anaumwa mgongo tu. Angesema."

Fundi akainamia kazi yake. Mimi niliona aibu mpaka masikioni, kwa sababu nilimwelewa yule marehemu kuliko mkewe alivyomwelewa. Alikuwa na gari moja, familia nzima inalitegemea, na mwili unaoonekana una nguvu. Ningekuwa yeye, ningeiba leso hiyo hiyo na ningenyamaza vile vile. Nilikuwa tayari nimenyamaza.

Kiti kilirudi kina sponji ngumu, reli inateleza, na fundi ametengeneza mto mdogo wa kiuno wenye mkanda, unaopandishwa na kuteremshwa kulingana na anayeketi. Yule dereva wa Ijumaa alipigiwa simu asije. Mama alipanga upya na wenye hoteli: maziwa yaondoke nusu saa mapema, nami nisimame mara mbili njiani, ng'ombe wawepo wasiwepo. Niwasalimie nikiwakuta, alisema, wameshazoea.

Jumamosi, wanawake walipokuwa wakipima maziwa, mama alikuja sokoni amevaa doti nzima. Kipande cha kiunoni kilikuwa kimechujuka kwa miaka ya kufuliwa na kuanikwa, karibu kiwe cheupe. Cha kichwani kilikuwa chekundu kama kimetoka dukani, ila kina mistari ya kunjo ambayo pasi haikuweza kuiondoa. Wanawake walimtazama, wakaendelea kupima. Nilipomaliza kufunga turubai alikuja mpaka mlangoni mwa gari, akaugusa ule mto wa kiuno, akaniuliza mgongo umeamkaje.

Neno salama lilikuwa tayari mdomoni, kama kawaida yetu sote. Nikalimeza.

"Unauma, mama," nikamwambia. "Kidogo, upande wa kushoto."