Kisu cha Mpini wa Kijiko

Kuna kitabu nilikiokota kwenye maboksi ya kutupwa, katika ghala tulilofanyia kazi Dubai mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Kilisimulia maisha ya Mmarekani wa zamani sana aliyebuni mashine ya kutenganisha pamba na mbegu. Watu waliiona wakaiiga, naye akamaliza miaka mingi mahakamani akidai ni yake. Nilikasirika kana kwamba nimeibiwa mimi, maana na mimi nilikuwa mvumbuzi.

Nilikuwa nimetengeneza kisu kwa kufunga wembe kwenye mpini wa kijiko. Kilikata plastiki ya kufungia mizigo bila kugusa boksi wala kidole. Baada ya kusoma kile kitabu, nikawa nakata huku nimewapa wenzangu mgongo, na nikimaliza nakificha ndani ya soksi.

Niliyemshuku zaidi ni kijana wa Tanga tuliyelala naye chumba kimoja. "Kaka, hebu nione hicho unachokatia," aliniomba kwa upole. Upole ule ndio ulionitia wasiwasi. Nilijua tu atampelekea arbab, bosi wetu Mwarabu, aseme amebuni yeye. Nikamwambia ni wembe wa kawaida.

Wiki iliyofuata, arbab akitukimbiza kwa kelele zake za "yalla, yalla", haraka, haraka, wembe wa kawaida ulimteleza yule kijana ukampasua kiganja. Nikamfunga kwa fulana yangu.

"Asante, kaka," akasema, damu ikimchuruzika.

Nami nikainama kama mtu anayefunga kamba za kiatu, nikapapasa soksi kuhakikisha kisu changu hakichomozi.