Mduriani wa Gumbang

Hakuna mtu kijijini aliyewahi kula duriani la Gumbang akaomba la pili, isipokuwa mjane wake. Mti huo Gumbang aliupanda mwaka aliomwoa Lomah, kwa kokwa la duriani alilolila njiani akitoka mji wa Sanggau. Duriani lile lilikuwa tamu ajabu, lakini kokwa la duriani halina deni na mama yake. Mti uliota kivyake: matunda ya majimaji, machungu kama dawa ya minyoo. Nguruwe waliyanusa wakapita. Gumbang alipofariki, mti ukaitwa kwa jina lake, kama wanavyofanya watu wa mto Sekayam.

Mdogo wake marehemu, Anong, alikuwa fundi wa kubebesha miti, yaani kupachika kijiti cha mti mmoja kwenye shina la mwingine. Alizunguka shamba lote la ukoo pale kilimani, akaonja kila mti, akachagua mmoja ulioishinda mingine yote kwa utamu. Vijiti vyake akavibebesha kwenye miche iliyoota kutoka kwa makokwa ya mti huohuo, na kila mti wa hovyo alioukata, mahali pake akasimika mtoto wa ule bora. Wanunuzi walifurahi, na hakuna aliyemlaumu. Ukabaki mti wa Gumbang tu.

Huo, mila iliukinga. Mti wa matunda haukatwi maadamu yupo mtu wa ukoo anayekula matunda yake. Basi kila msimu Lomah alikaa chini ya mti, akapasua duriani kwa panga, akala mbele za watu.

"Vipi leo, shemeji?" Anong aliuliza, msumeno begani.

"Tamu."

"Mbona machozi yanakutoka?"

"Utamu umezidi."

"Haya. Siku ukishindwa, nishtue."

"Utazeeka na huo msumeno wako."

Watu walicheka. Lomah hakucheka, alikuwa anahangaika kumeza. Alimpenda mumewe, na mti ule ndio kitu pekee alichoacha ambacho bado kilikuwa kinakua.

Ukaja mwaka ambao mvua ilisahau kukoma. Mizizi ya miti ya Anong ikaanza kuoza, na kwa kuwa yote ilikuwa ya mama mmoja, ugonjwa uliouweza mmoja uliiweza yote. Kilima kizima kikakauka. Gumbang hakudondosha hata jani, na akazaa kupita miaka yote.

Anong alikuja bila msumeno.

"Shemeji, kuna mti mmoja mtamu bado unajikongoja nyuma ya nyumba yangu. Nataka nioteshe miche ya Gumbang, halafu nibebeshe vijiti vya ule juu yake. Mizizi ya kaka, utamu wa ule. Naomba makokwa."

"Makokwa yapo. Ila mila unaijua. Kokwa halitolewi kwenye tunda lililotupwa. Anayetaka kokwa ale kwanza."

Anong aliutazama mrundo wa matunda. "Yote?"

"Unataka miche mingapi?"

Akakaa. La kwanza alilila haraka, la pili akalipasua polepole kama mtu aliyeko msibani. Jirani mmoja akaleta mkeka, wengine wakaja kuangalia.

"Vipi, shemeji?" Lomah aliuliza.

Anong aliangalia kilima chake, akameza.

"Tamu," alisema.

Lomah aliyaosha makokwa, akayapanga kikapuni. Yangeota. Mizizi ya Gumbang ingejaa kilima kizima, na hakuna tena ambaye angethubutu kuugusa mti ule. Alipolielewa hilo, aliweka kikapu chini. Kisha akachukua kipande kutoka kwenye tunda la Anong, bila kulazimishwa na mtu, akatafuna, akatema.

"Kibaya," alisema. "Mungu wangu, Gumbang, ni kibaya mno."

Akaanza kulia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Anong, mdomo umejaa, akamsogezea maji.