Fundi wa Atomu Ishirini

Fundi wa leza katika maabara ya Waterloo hasalimii mtu kabla hajahesabu atomu zake. Huinama mbele ya skrini ya kamera, kidole chake chenye kovu la kuungua kikipita nukta moja baada ya nyingine: atomu ishirini zenye chaji, zimeelea kwa mstari ndani ya mtego wa umeme, zikiiga sumaku: kila moja ni kama kijisumaku, huwaka ikielekea upande mmoja, huzima ikielekea mwingine. Kisha huvigeuza vioo vinavyoelekeza leza kwa bisibisi, unywele kwa unywele, huku akisonya. Garneau, mtaalamu wa hesabu wa ghorofa ya juu, alizoea kumcheka, mpaka Alhamisi aliposhuka na karatasi zake. “Vipimo vya Jumanne tuvitupe tu, dada,” alisema. “Sumaku imechelewa kujipanga. Haiendani na hesabu.”

Fundi aligeuka, mishipa ya shingo imemtoka. “Tuvitupe, wewe na nani? Siku tisa nazilinda hizi zisipotee, leo uje uzikatae kwa sababu zimekukataa? Keti hapo!” Akarudia jaribio mbele yake, akipunguza polepole uga wa sumaku, ile nguvu inayozivuruga zisijipange: mara moja, mara kumi, mara mia. Kila mara nukta ziliwaka ovyo, hii ndiyo, ile siyo, hadi kipimo kikafika pale pale pa Jumanne. Hapo zote ziliwaka pamoja, au zote zikazima. Hesabu ndiyo iliyokosea. Garneau masikio yalimwaka moto. “Samahani, kumbe nili...”

“Usiniombe radhi mimi. Panda juu ukaandike upya! Na niondolee kiwiko mezani, unazitikisa.”