Kofia ya Sufu Juu ya Bakuli

Msinicheke kwanza. Nnachokisema kilinifika mimi mwenyewe, hapa hapa Kikwajuni, nikiwa na akili zangu timamu na udhu wangu. Atakayeona nnaongopa aende zake akapike.

Kazi yangu ni kofia. Nazishona, na za watu nazifua pia. Nazitia wanga, kisha nazivika juu ya bakuli lililofudikizwa zikauke na duara lake. Mume wangu Seif alikuwa akikaa na mimi barazani akinisaidia kutoboa vitobo, hana aibu na mtu. Mwisho akaenda Uingereza kutafuta maisha, akapata kazi kwenye karakana inayofuma kofia za kiume za sufu, zile laini za watu wenye nazo. Akipiga simu ananichekesha: "Mke wangu, mwili wa kofia unafumwa na mashine, lakini utosi lazima ufungwe kwa mkono. Wameviona vidole vyangu, wamenikabidhi utosi!" Baridi tu ndiyo iliyomshinda. Kila simu, baridi.

Kisha simu zikakatika. Namba haipatikani, na wenzake tuliowajua walikuwa wameshahama. Ikapita miaka. Sasa niambieni, mwanamke wa namna hiyo ni nani? Si mke, si mjane. Nikitaja kukaa eda, mama mkwe wangu, Bi Asya, ananijia juu: "Unamzika mwanangu kwa kinywa chako?" Nikisema ningoje, nangoja nini? Nilikuwa nalala upande wangu wa kitanda, ule mwingine siugusi.

Basi siku moja, joto la kaskazi limekaza, magharibi inakaribia, nikasikia hodi. Mwanamme mrefu, kavaa kanzu, na kichwani ana kofia nzito ya sufu, rangi ya mkaa. Niaminini, mimi na kanga zangu nilikuwa nalowa, yeye usoni hana hata tone la jasho! Nikamkaribisha akae, hakutaka. Akaivua ile kofia, akanipa.

"Nifulie hii, bibie. Ntaipitia kesho wakati kama huu."

Nikaifua. Na mkono ukaenda kwa mazoea, nikaitia wanga! Sufu inatiwa wanga wapi, jamani? Nilipozindukana ilishakuwa juu ya bakuli. Nikasema potelea mbali, asubuhi ntaisuuza.

Asubuhi nikaikuta kavu. Bakuli langu ni duara, halina kasoro, lakini kofia ile ilikuwa na uvimbe nyuma, kushoto kidogo. Nikaiinua, nikalipapasa bakuli. Laini. Nikaivika tena, uvimbe uko pale pale. Seif alikuwa na kinundu mahali pale, tangu alipoanguka mnazini udogoni mwake. Kila kofia niliyomshonea nilikiachia kinundu kile nafasi yake. Kichwa kile vidole vyangu vinakijua kuliko vinavyokijua changu.

Nilishinda nayo mapajani, hata jiko sikuliwasha. Mgeni alipofika, sikumpa hata salamu.

"Hiki ni kichwa cha mume wangu. Yuko wapi? Yu hai?"

Akainamisha uso. "Hilo sikuruhusiwa kulijibu, bibie. Uliza jingine. Moja tu."

Moja tu! Ungekuwa wewe ungeuliza nini? Kaoa huko? Kanisahau? Yote yalinijaa kinywani. Lakini kilichotoka kilikuwa kingine kabisa, hata sijui kilitokea wapi.

"Bado anasikia baridi?"

Yule mtu akanitazama kwa huruma ambayo sijapata kutazamwa nayo tena.

"Hasikii tena," akasema.

Akaichukua kofia, akaivaa na wanga wake, akaingia kwenye kichochoro cha pembeni ya nyumba. Nikamfuata mbio. Kichochoro kile mwisho wake ni ukuta, wallahi, hakina mlango wala njia ya pili. Sikumkuta mtu. Nikakaa chini pale pale, nikalia mpaka jirani akatoka kunitazama.

Kesho yake nikaingia edani. Mtaa ulinicheka weee! "Kakaa eda ya kofia!" Bi Asya akasusa, hakukanyaga kwangu. Mimi nilikaa, nikaimaliza, nikamlilia mume wangu kama anavyostahili kuliliwa. Nilikuwa nshatoka ndipo habari ilipofika, kutoka kwa mtu aliyekuwa akiishi naye. Kifua kilimbana wakati wa baridi kali, na Waislamu wa huko ndio waliomzika. Siku ile Bi Asya alikuja, akajitupa kwenye mkeka wangu, akanishika mikono hataki kuiachia. Yeye ndiyo kwanza anaanza kumlilia. Nikamlaza mapajani, nikawa namfuta machozi.

Tangu hapo, alasiri ikishapita, sipokei kofia ya mtu nisiyemjua, awe nani. Na wewe unayenisikiliza, jihadhari. Ukija ukapewa swali moja kama nilivyopewa mimi, usikimbilie kuulizia nafsi yako. Muulizie yule unayempenda. Ningeuliza kama alinisahau, ningejibiwa, na jibu lile ningeishi nalo peke yangu mpaka kufa. Hili nililopewa naliweza.