Jina Lililopotea Kwenye Mkwaruzo

Redio ya Uvira siku hizi naisikiliza kwenye simu. Sauti inatoka safi, hata pumzi ya mtangazaji unaisikia. Mtandao ukikatika, unabaki na kimya kitupu. Redio ya baba kule Sange haikuwa hivyo. Ilikwaruza kama mchele kwenye ungo, sauti ikafifia, ikarudi, nasi tukajijazia wenyewe yaliyopotea.

Mwaka ule wa kukimbia vita, nikiwa na miaka tisa, shangazi yangu Furaha, mdogo wake baba, alitoweka njiani akitoka Katogota. Kila asubuhi redio ilisoma majina ya waliopatikana. Baba alikuwa akianika mapile, zile betri za redio, juani yapate nguvu kidogo, na majina yakianza, hakuna aliyethubutu hata kukohoa.

Asubuhi moja tukasikia: "...wa Katogota, iko ku hopitali, Lemera. Anatafuta watu wake." Jina lenyewe lilipita katikati ya mkwaruzo.

"Ni Furaha!" baba aliruka.

"Hapana, Baba Neema," mama alisema polepole. "Minye nimesikia Furaida."

Baba akanigeukia. "Neema, weye ulikuwa karibu na redio. Umesikia nani?"

Nilikuwa nimesikia Furaida. Lakini niliona ameshashika viatu vyake mkononi, nikasema, "Furaha, baba."

Alipanda milima kwa miguu hadi Lemera. Siku nne nilikwenda kumngojea njiani, uongo wangu nikiwa sijamwambia mtu. Siku ya tano alirudi amemshika mkono mama mmoja aliyechechemea, tusiyemjua.

"Huyu ni Furaida," alisema. "Watu wake hawakuja."

Basi. Hakunigombeza. Furaida aliishi nasi, akanisuka nywele hadi nilipoolewa. Shangazi hatukumpata.

Tulipomaliza kumzika baba, miaka mingi baadaye, ndipo nilipomwambia mama ukweli. Alinitazama kwa huruma.

"Mwanangu, baba yako alisikia Furaida, kama sisi. Alitaka tu mtu mmoja amwambie aende."

Kwa sauti safi ya leo, tungesikia jina wazi, tungezima redio, na yule mama angebaki Lemera akingoja. Hilo nalielewa sasa. Ila kuna jambo linaloninyima raha mpaka leo: huenda asubuhi nyingine shangazi naye alitajwa, nasi tukasikia jina la mtu mwingine.