Ukungu Usiosikia na Mbegu ya Shangazi

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, analima mpunga Mashewa, Korogwe, katika majaruba matatu yanayopata maji ya mfereji kwa zamu. Jaruba dogo la mwisho halivunwi kwa mundu. Hilo ni la mbegu. Hulipitia mwenyewe na kisu kidogo, akichagua suke moja moja, na anachopata hukifungia kwenye kopo hadi msimu mwingine. Mpunga huo ulikuwa wa mama yake. Ukipikwa, harufu yake hufika nyumba ya tatu, na dukani hauuzwi.

Mwaka juzi nilienda likizo nikamkuta amesimama kwenye tuta la jaruba hilo. Masuke mengi yalikuwa meupe, yamesimama wima. Suke lenye punje huinama.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Njoo uwaone watoto wako. Si ndiyo kazi yenu huko, kufuga ukungu?"

Ndiyo kazi yangu. Katika maabara ninakofanya kazi, mbali na Korogwe, tunaotesha kwenye visahani ukungu uleule unaoua mpunga. Nilikata suke moja nikamwonyesha shingo yake, ilivyogeuka kahawia. Chakula hakipiti tena hapo. Dawa ya kupuliza ilikuwa imeshachelewa.

Nikiwa sina la kufanya, nikaeleza. Tulikaa kwenye tuta. Nilimwambia kwamba ukungu husambaa kwa chembe ndogo sana ziitwazo spora, na spora haina macho. Ikidondokea kwenye jani, hupapasa. Ikihisi kwamba hapa ni pagumu na panateleza, ujumbe hupita ndani yake, mjumbe mmoja akimpa mwenzake, hadi amri inatoka: jenga kifuko, kijaze maji mpaka kikaze, toboa. Wajumbe hao hutengenezwa kwa maelekezo ya jeni, yaani maandishi ya urithi yaliyo ndani ya kila kiumbe hai. Sisi tulizima jeni moja tu. Nikatoa simu nikamwonyesha picha ya visahani viwili: kimoja cha kijivu, kimejaa spora, kingine cheupe kama pamba. Ule mweupe, tuliouzimia jeni, uliota, ingawa polepole, lakini spora zake zilikuwa chache, na tulipoziweka kwenye jani zililala tu juu yake.

"Kwa hiyo hausikii," alisema.

"Hausikii."

Aliniomba nimtumie picha ile. Aliitazama muda mrefu kwenye simu yake.

"Sasa huu usiosikia, utaniletea lini?"

"Hautolewi maabara, shangazi. Na hata ukija, hauwezi kuufukuza huu unaosikia. Tunautumia kujua ujumbe unapita wapi, ili siku moja ipatikane dawa ya kuukata."

"Siku moja ndiyo lini?"

"Sijui."

"Miaka yote hiyo darasani, umekuja kuniambia hujui?" Akacheka, akanipiga begani. Nami nilicheka, lakini sikuweza kumtazama.

Tulipita jaruba zima tukibonyeza punje kwa vidole. Mapepe matupu. Tulipata masuke mazima ya kujaza bakuli moja, basi. Nilimwomba nusu nikaipime, kwa sababu ukungu huweza kujificha kwenye ganda la punje inayoonekana nzima.

"Usipande mpaka nikupigie," nilimwambia. "Nipe wiki mbili."

Maabara nilizilaza punje juu ya karatasi yenye unyevu. Zilichipua vizuri, na nilifurahi kama mtoto. Siku chache baadaye, kwenye baadhi ya maganda, nikaona vumbi la kijivu. Chini ya hadubini zilikuwa spora zile, zenye umbo la peasi. Hizi zilikuwa zinasikia vizuri kabisa.

Nilimpigia kabla wiki mbili hazijaisha. Bado mbegu ingeweza kutibiwa kwa maji ya moto kabla ya kupandwa.

"Nilitaka nikupigie mimi," alisema. "Zamu yangu ya maji imewahishwa. Jirani kauguliwa, kaniachia yake. Ningeikataa, ningepata tena lini?"

"Umepanda?"

"Kitalu kizima. Kimeota, kijani, ungekiona! Haya, zako umezikutaje?"

Nikamweleza.

"Basi nifanye nini?"

Nilimpa nilichokuwa nacho. Achome mabua ya msimu uliopita. Akihamisha miche, aiachanishe vya kutosha. Asizidishe mbolea ya urea. Kila asubuhi atafute kwenye majani doa lenye umbo la jicho, la kijivu katikati.

"Nikiliona?"

"Nipigie."

"Halafu wewe utafanya nini?"

Nikasema nitakuja.

"Njoo," alisema, taratibu, kana kwamba mimi ndiye wa kubembelezwa. "Na ile picha uje nayo. Ya kwangu imefutika."