Kisulisuli Kilichompa Mama Jina

Mpaka leo nikisikia harufu ya vumbi kavu na pamba iliyoanikwa juani, huikumbuka siku moja ya utotoni. Nilikuwa na miaka tisa, kijijini Migato, wakati wa kiangazi. Neno kisulisuli lilikuwa na kazi nyingi nyumbani kwetu. Lilikuwa ule upepo unaojisokota kutoka mashambani ukibeba majani makavu. Lilikuwa pia kizunguzungu tulichojitafutia sisi watoto kwa kuzunguka mpaka tunaanguka. Tena lilikuwa jina langu, maana mama aliniita hivyo kila nilipovunja chungu. Halafu Jumapili moja mwalimu wa kanisani akatusimulia habari za nabii aliyepaa mbinguni kwa kisulisuli. Jamani, laiti angejua alichonitia kichwani!

Mama alisifika kwa pamba safi. Enzi za ushirika, karani alikuwa akiinua pamba yake juu ili wengine waone. Lilipoingia soko huria, wanunuzi binafsi walikuja na mizani zao hadi kijijini, na watu wengine wakaanza kutia mchanga ili magunia yawe mazito. Mama aliwasema hadharani bila kumung'unya maneno, nao wakamchukia. Siku yetu ya kuuza alianika pamba ya mwisho kwenye mkeka, akaniachia turubai. "Upepo ukija, funika. Usicheze," akasema, akaenda kisimani.

Upepo ulikuja kweli, mrefu, mwekundu, ukivuma. Nilitupa turubai nikaukimbilia, mikono juu, nimefumba macho, nikisubiri kupaa. Sikupaa hata kidogo! Kilichopaa ni pamba. Nilipofumbua macho ilikuwa imetapakaa uani, imejaa mchanga. Niliikusanya mbiombio, nikairudisha mkekani, nikaichanganya na ile safi iliyobaki, nikafunika. Mama aliporudi alikuta mnunuzi keshafika, foleni ndefu. Akaishindilia guniani haraka bila kuangalia, kitu ambacho hakuwahi kukifanya.

Mnunuzi, kijana wa Maswa, alimwamkia kwa adabu kwa lugha yetu, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje, mama, kisha akazamisha mkono guniani. Mkono ukatoka na mchanga. "Mayu, hata wewe?" Akamwaga gunia zima mbele ya watu. Wale aliowasema walicheka mpaka wakashikana mabega. Mama alinitazama mara moja tu. Nilitaka kusema, wallahi nilitaka, lakini sikuthubutu. "Gunia ni langu," akasema, akapiga magoti, akaanza kuchambua pamba mojamoja. Nilipiga magoti kando yake, nikachambua.

Sasa ninaishi Binza, mjini Maswa, nina duka na binti anayependa kuzunguka sebuleni hadi aone kizunguzungu. Mwaka jana nilipokwenda kumsalimia mama nilitubu, huku nalia. Hakushtuka hata kidogo. "Nywele zako zilikuwa zimejaa mchanga, mwanangu. Niliuona pale pale kwenye mizani."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema, ungeitwa wewe."

Sikumwelewa mpaka tulipotoka pamoja kwenda sokoni. Mzee mmoja alimpungia mkono kutoka ng'ambo ya barabara, kwa upendo kabisa, kama mtu aliyekwisha kusahau kuwa jina alilomwita lilitokana na siku ile ya mizani. "Mayu Mchanga! Habari za siku nyingi?"

Na mama akaitika.